Kiingereza Nilichofunzwa na Kinu cha Nyuklia



Kamati ya kitabu chetu cha mwaka imeniomba niandike machache juu ya mtu mzima anayejifunza lugha ya ugenini. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, wako akina mama na akina baba wengi miongoni mwetu waliokuja huku kuwafuata watoto wao, na wanaona haya kukaa darasani. Ya pili nitaieleza mwishoni, kwa kuwa ni deni, na deni hulipwa mbele ya mashahidi.

Mimi na mzee wangu tulitoka Tanga mwaka 2023, tukaja kukaa na binti yetu hapa Kensington, si mbali na kituo cha tramu cha Todman Avenue. Kiingereza changu kilikuwa cha "good morning" na cha kuuliza bei. Majira ya baridi ya mwaka 2024 nikajiandikisha katika darasa la jioni. Tulikuwa watu tisa, na mimi ndiye niliyekuwa na mvi nyingi kuliko wote.

Mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kuchagua jambo moja linalozungumzwa magazetini na kutufundishia maneno yake kwa wiki kadhaa. Mwezi wa Juni mwaka ule vyama vya upinzani vilitangaza kwamba vikishinda uchaguzi vitajenga mitambo ya umeme wa nyuklia katika sehemu 7 za nchi hii. Watu wakaanza kubishana kila mahali. Australia ina urani tele ardhini, lakini haijapata kuwa na hata mtambo mmoja wa umeme wa nyuklia, na sheria ya taifa inakataza. (Vyama vile vilishindwa katika uchaguzi wa Mei 2025.) Basi mwalimu akasema hilo ndilo somo letu. Nikanung'unika moyoni. Nilitaka maneno ya duka la dawa na ya benki. Nyuklia ya nini kwa bibi kama mimi?

Mwalimu akatueleza kwamba jambo hili si geni hapa Kensington. Chuo Kikuu cha New South Wales, ambacho tunakipita kila siku, kiliongozwa hadi mwaka 1969 na Philip Baxter, na bwana huyo huyo alikuwa mwenyekiti wa Tume ya Nishati ya Atomiki ya Australia tangu 1957 hadi 1972. Alipigania sana kujengwa kwa mtambo wa umeme wa nyuklia huko Jervis Bay, kusini mwa Sydney. Ardhi ilikwisha kuanza kutayarishwa, serikali ikauahirisha mwaka 1971, na haukujengwa tena.

Polepole nikaanza kulipenda somo. Tulijifunza "core", yaani kiini cha kinu, nikakumbuka kuwa ndilo neno la kile kikonyo cha ndani ya tufaha tunachokitupa. Tulijifunza "yellowcake", nilidhani ni keki ya chai, kumbe ni unga wa urani uliokwisha kusafishwa. Niliposema kwamba hata kwetu Tanzania kuna urani, pale Mto Mkuju wilayani Namtumbo, mwalimu alinitaka nisimame nieleze, na kwa mara ya kwanza nikasema sentensi tano mfululizo bila kukwama.

"Enrich" ilinitatiza. Nilijua "rich" ni tajiri. Redio zetu husema kurutubisha urani, kana kwamba ni shamba. Nikaielewa kwa ungo wa mchele. Chukua punje 1,000 za urani kama inavyotoka ardhini: ni 7 tu ndizo za aina inayopasuka kwa urahisi. Vinu vingi vya umeme vinataka kama 30 hadi 50 katika kila 1,000. Basi kazi ni kupeta na kuchambua mpaka zile punje njema ziongezeke. Nikawaambia wenzangu kwamba mtambo wenyewe kwa Kiswahili tunauita kinu, jina lile lile la kinu cha kutwangia. Walifurahi sana.

Sasa nije kwenye neno lililonitia matatani. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni kwamba kinu cha HIFAR, kinu cha kwanza cha utafiti cha Australia, huko Lucas Heights kusini mwa Sydney, kilikuwa "critical" tarehe 26 Januari 1958. Kijana mmoja darasani akashika kichwa, akauliza walikufa wangapi. Mwalimu akacheka. Akasema siku ile kilizaliwa, wala hakuna aliyekufa. Atomu moja ikipasuka hutoa chembe zinazokwenda kupasua nyingine. Mipasuko ikizidi kuongezeka, nguvu hupanda. Ikipungua, kazi huzimika. Pale kila mpasuko unapozaa mpasuko mmoja mwingine, bila kuzidi wala kupungua, kinu kinakwenda chenyewe sawasawa. Hiyo ndiyo "critical". HIFAR kilikwenda hivyo mpaka kilipofungwa mwaka 2007. Mimi nikaandika katika daftari langu: critical, kutulia, kwenda vizuri. Nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Mwisho wa Agosti mzee wangu akaanguka bafuni usiku. Gari la wagonjwa likamchukua. Binti yetu alikuwa Brisbane kikazi. Karibu na alfajiri nesi akanipigia simu, akasema maneno mengi ya upole, na katikati yake nikalisikia neno langu: "critical". Nilishukuru Mungu. Nikaandika katika simu kwa ukoo wote, Tanga na Melbourne: "Msiwe na wasiwasi. Ametulia, anaendelea vizuri." Shemeji yangu wa Melbourne, mdogo wake mzee, alikwisha kata tiketi ya ndege ya asubuhi. Aliposoma maneno yangu akaifuta, akaenda kazini.

Saa tatu asubuhi binti akapiga hospitali mwenyewe, kisha akanipigia akilia. Kumbe hospitalini neno lile maana yake ni mahututi.

Mzee alikaa siku tatu bila fahamu. Shemeji alifika siku ya pili. Alisimama mlangoni pa wodi akaniambia, "Shemeji, ningemkuta amekwisha, ningekusamehe vipi?" Sikuwa na jibu.

Mungu akamrudisha. Baada ya majuma kadhaa daktari alitaka kumpiga picha ya moyo kwa dawa yenye mionzi, teknishiamu, ambayo asili yake ni Lucas Heights kule kule, katika kinu cha OPAL kilichochukua nafasi ya HIFAR. Daktari akasema "half-life" yake ni saa 6. Mzee akanigeukia uso umembadilika: "Nusu ya maisha? Nimebakiwa na nusu?" Neno hilo tulikuwa tumelisoma darasani, lakini safari hii sikujibu haraka. Nilimwuliza daktari, nikarudia kwa maneno yangu, nikamwuliza tena. Aliposema ndivyo, nikamgeukia mzee: "Una chapati 16. Baada ya saa 6 zimebaki 8, baada ya saa 12 ni 4, baada ya saa 18 ni 2, na kesho saa kama hii imebaki 1. Nusu ni ya dawa, si ya kwako." Akacheka, akajilaza.

Basi wenzangu, msiogope darasa, wala msidharau somo lolote. Lakini neno la Kiingereza lina nyumba zaidi ya moja, na kulijua katika nyumba moja si kulijua katika nyingine. Mtu akikuambia jambo la mgonjwa wako, mwulize, "Maana yake nini?" Usione haya. Ukizidiwa, piga simu 131 450, huduma ya taifa ya wakalimani, uombe anayesema Kiswahili.

Na deni langu ni hili. Shemeji yangu, na ukoo wote mliopokea habari yangu usiku ule, nawaomba radhi hapa katika kitabu chetu, mbele ya wakubwa na wadogo. Niliwapa habari niliyoitamani kabla ya kuuliza habari yenyewe.

Shemeji ameniambia yamekwisha. Siku hizi akipiga simu kila Jumapili huuliza kwanza, "Kinu chetu kinaendeleaje?" Nami humjibu, "Critical, shemeji, lakini ya Lucas Heights."