Nyumba ya Kipande

Apitaye Kenyatta Avenue mjini Nairobi hustaajabia kwanza upana wake. Wazee husimulia kwamba ilifanywa pana hivyo ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yapate kugeuka. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1963 njia hiyo iliitwa Delamere Avenue.

Kando yake zimesimama sanamu tatu, askari wawili na mpagazi, ukumbusho wa Waafrika na Waarabu waliotumika katika vita vya 1914 hata 1918. Mbele kidogo ipo Nyumba ya Kipande, iliyojengwa kwa mawe mwaka 1913. Humo wanaume Waafrika waliandikishwa, wakachukuliwa alama za vidole, wakapewa kipande cha kutiwa katika kikebe na kuvaliwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi yake, mtu hakuwa na ruhusa ya kuacha kazi na kutafuta nyingine. Harry Thuku, aliyekuwa miongoni mwa walioupinga utaratibu huo, alikamatwa mwezi wa Machi, 1922. Sheria mpya ya mwaka 1947 ndiyo iliyouondoa.

Leo nyumba ile ile ni benki. Mkulima huingia humo kwa hiari yake, akatia sahihi yake mwenyewe, akatoka na fedha zake. Wapo wasemao kwamba yaliyopita si ndwele. Hata hivyo ni vema mjukuu ajue kwamba babu yake aliingia humo kwa lazima. Akilijua hilo, ataithamini sahihi yake.