Hisabati kabla ya uzamili wa uchumi

Wadau, nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Kuandika programu sijaacha, ila jioni zangu zimetekwa na jambo lingine. Septemba naanza shahada ya uzamili ya uchumi, na ada ya mwaka wa kwanza inatoka kwenye akiba yangu. Nikianguka hisabati muhula wa kwanza, hakuna wa kunilipia marudio. Basi najipanga mapema.

Marafiki wananiuliza: wewe una digrii ya kompyuta, hisabati itakushindia wapi? Swali zuri. Watu wa kompyuta tulisoma zaidi hisabati ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja: mantiki, seti, grafu. Kalkulasi tuliipitia mwaka wa kwanza tukaiaga. (Kidato cha nne nako ilikuja mwishoni kabisa, wakati kila mtu ameshika karatasi za mitihani ya zamani akisubiri KCSE.) Uzamili wa uchumi umejengwa juu ya kalkulasi hiyo hiyo, pamoja na algebra ya matriki na kitu kinachotisha wengi: uthibitisho.

Nitoe mfano wa huku kwetu. Mkulima wa mahindi kule Njoro ana shilingi 9,000 za mbolea na mbegu. Tuseme mbolea ni shilingi 90 kwa kilo, mbegu 250, na magunia atakayovuna ni kipeuo cha pili cha kilo za mbolea mara kilo za mbegu. (Bei na fomula nimezibuni ili hesabu itoke vizuri, trekta na palizi nimeviacha.) Anunue kiasi gani cha kila kimoja?

Mimi ningeandika kitanzi, yaani maagizo yanayojirudia, kijaribu kila mgawanyo wa zile pesa. Kitajibu: mbolea kilo 50, mbegu kilo 18, magunia 30. Kazi imekwisha, tukanywe chai. Mwanauchumi hataridhika. Anataka jibu kwa herufi, bei ziwe zozote zile. Ukitumia mbinu ya Lagrange unaona kwamba mkulima huyu atagawa pesa nusu kwa nusu hata mbolea ikipanda bei maradufu. Kitanzi kingeweza kunidokezea hilo kwa bei nitakazojaribu, lakini sababu yake kisingenipa hata kikikesha. Pia unapata lambda, ambayo hapa ni 1 kwa 300: kila shilingi 300 za ziada zinaleta gunia moja zaidi. Ukiijua hiyo na bei ya gunia, unaweza kupima kama mkopo wa pembejeo unamfaa au unamkamua. Kwa lambda peke yake nimesamehe jioni zote zilizopotea.

Halafu linakuja swali ambalo kazini sijawahi kuulizwa: umejuaje kwamba jibu bora lipo? Weierstrass alithibitisha kwamba lipo ikiwa fomula haina mikatiko na seti ya machaguo imefungwa na ina mipaka. Sasa fanya mbegu iwe ya bure. Mipaka imevunjika: mkulima anaongeza mbegu, mavuno ya kwenye karatasi yanapanda bila kikomo, na kitanzi changu hakisimami tena. Mwandika programu yeyote anaujua ugonjwa huo.

Vitabu ninavyotumia ni vitatu. Chiang, toleo la kwanza 1967, ni mpole na anafaa kuanzia. Simon na Blume wa 1994 ndio chakula chenyewe. Mas-Colell, Whinston na Green wa 1995 kina karibu kurasa 1,000. Nimefungua nyongeza ya hisabati mwishoni, nikakifunga kwa heshima.

Vyuo vingi vya Marekani huwapa wanafunzi wapya kambi ya hisabati kabla ya masomo kuanza. Hapa Kenya, AERC iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1988 ilizindua uzamili wa pamoja wa vyuo vya Afrika mwaka 1993, na mbinu za hesabu zikawa somo la lazima sambamba na uchumi mdogo na uchumi mkuu. Kwa hiyo kukwepa hakuna, usomee Nairobi au Chicago.

Kambi yangu mimi ni meza ya jikoni hapa Nakuru, saa mbili kila jioni, kompyuta ikiwa imezimwa. Wiki hii ni matriki ya Hesse. Zoezi la nne limenikatalia tangu Jumanne.