Pombe ya Jana

3 Mei 2024
Dada amepiga simu kutoka Ikungi. Muda ambao mahakama ilimfungia mwanawe leseni umekwisha, na anataka nimpokee hapa Singida mjini nimnoe kabla hajaenda kutahiniwa na trafiki. "Wewe ndiye mjomba wake," akasema. Chumba cha uani kipo wazi.

6 Mei
Tumetoka na gari la shule ya udereva ninakofundisha kwa barabara ya Kiomboi. Mikono yake iko vilevile. Anaangalia vioo, anashusha gia kabla ya kona, anakaa mbali na lori la alizeti lililojazwa kupita kiasi. Alama zote anazijua. Nikimrudisha kwenye haya mwezi mzima nitakuwa nimekula pesa ya dada bure, maana kilichompeleka kizimbani hakikuwa udereva.

9 Mei
Usiku amenisimulia yote. Alikuwa na semi yenye mzigo wa Kigali, akapaki Manyoni, akanywa na wenzake hadi usiku wa manane, akalala kabini. Saa kumi na moja utingo akamwamsha, wakanywa supu, wakaondoka. Kabla ya Issuna trafiki akampulizisha kipimo, kikamkataa.

"Mjomba, mimi sikuendesha nimelewa. Nilikuwa nimeshalala."

Anaamini hivyo kwa moyo wote. Hata mahakamani alisimama akiamini ameonewa. Nawajua madereva wengi, watu makini wenye familia, ambao wangeapa vivyo hivyo.

10 Mei
Leo hatukugusa usukani. Tulikaa barazani na daftari, upepo wa Singida ukitupeperushia kurasa. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaweka mpaka kwenye miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Kwa mtu wa kawaida mwili huondoa kama miligramu 15 kwa saa, wengine chini ya hapo, na ini halina gia ya kuongeza mwendo. Tukamchukua mtu aliyefika 200 saa sita usiku. Saa kumi na mbili asubuhi zimeondoka 90, zimebaki 110. Ameoga, amepiga mswaki, amekunywa supu ya makongoro, anaongea vizuri, na bado amevuka mpaka. Saa mbili asubuhi ndiyo kwanza anafika 80 yenyewe. Kahawa humfumbua macho tu, haipunguzi kitu. Anayezimua anaongeza.

Akaomba kalamu, akapiga hesabu ya usiku wake mwenyewe, glasi kwa glasi kadiri anavyokumbuka. Alipomaliza akauliza, "Mbona hili halimo kwenye mtihani?"

Swali hilo limeninyima usingizi. Tunamtahini mtu kurudi nyuma kwa kioo, tunamuuliza maana ya mistari ya barabarani, kisha tunamkabidhi tani 30 bila kumwuliza pombe ya jana hutoka mwilini saa ngapi.

17 Mei
Dada anamwombea kanisani, naye anasema ameacha kabisa. Nafurahi, na ninataka iwe hivyo. Lakini najua maisha ya maegesho. Dereva anafika jioni, hana pa kulala ila kabini, posho iko mfukoni, baa iko hatua chache kutoka kwenye tairi. Serikali ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017 na ilifanya vema sana, ila chupa ndogo zipo. Tajiri naye anapiga simu alfajiri kuuliza gari limefika wapi. Hakuna anayeuliza dereva ameamkaje.

4 Juni
Amefaulu kwa trafiki. Zimebaki taratibu za TRA apate kadi yake. Kuanzia leo nimeingiza hesabu ya barazani kwenye somo la wanafunzi wote, hata wa pikipiki.

21 Juni
Kadi imetoka, daraja lake lilelile. Tajiri mmoja wa malori amenipigia akitaka nimdhamini kijana kwa maandishi, safari za Mwanza na Rusumo. Nikamwambia mlima Sekenke huteremkwa kwa gia nzito na kichwa kisicho na pombe, kwa hiyo nitaandika kwa sharti moja: dereva akisema asubuhi hii siondoki mpaka saa nne, asikatwe posho wala asitukanwe. Akasema mzigo una muda wake. Nikamjibu kwamba hata barabara ina watu wake, watoto wa Shelui wanaovuka kwenda shule saa zilezile.

Ameomba hadi Jumatatu afikirie. Nimemwambia mpwa asifungashe mizigo kwanza.