Vikwembe vya ukumbusho, Mabalako

Kutoka Beni mpaka Mangina ni kilometa 30 hivi, kakao imeanikwa kando ya njia. Wamama walitufungulia masanduku yao: vikwembe vya 8 Machi, vya 30 Juni, vya jubilei za parokia. Vingine havijashonwa kamwe, na tunaona ni vizuri. Kikishonwa, maandishi hukatwa. Cha 8 Machi 2018 kinakosekana kwa wengi. Tarehe 1 Agosti mwaka ule Ebola ilitangazwa, na nguo za wagonjwa zikachomwa. Mama mmoja alipata nusu kwa dada yake wa Butembo. Tukikimbia vita, alisema, sufuria inatangulia, kisha vyeti vya watoto, kisha kikwembe cha 30 Juni. Hatukuuliza sababu, bei ya sufuria tunaijua.