Mwandishi Yuko Ndani

Kusini kidogo ya Edinburgh, juu ya genge la mto Esk, lipo kasri la Hawthornden, ambalo tangu miaka ya 1980 hupokea waandishi wachache kwa wakati mmoja. Kanuni yake kuu inajulikana: mchana hakuna kuzungumza. Chakula huja ndani ya kikapu, kikaachwa nje ya mlango wa chumba, na aliyekileta akaondoka bila kubisha. Jioni ndipo waandishi hukutana mezani na kugundua kwamba bado wana sauti. Aliyelipia mpango huo ni Drue Heinz, mke wa mrithi wa kampuni ya sosi ya nyanya.

Kinachonichekesha ni kwamba kasri hilohilo linakumbukwa kwa sababu ya mgeni msemaji. Mwenyeji wake wa zamani, mshairi William Drummond, alitembelewa na Ben Jonson katika majira ya baridi ya 1618. Jonson alikuwa ametoka London kwa miguu, na mwili wake ule mnene, akafika Uskoti na kukaa kwa Drummond kwa muda. Alikunywa, akawasengenya washairi wenzake mmoja mmoja, Shakespeare akiwemo, na mashairi ya mwenyeji wake hakuyaacha. Drummond alivumilia, huku akiandika alichosikia. Leo wengi wanaomfungua Drummond wanatafuta kumbukumbu zile, wala si tungo zake alizozihangaikia maisha yake yote.

Nyumba niliyopewa mimi haikuwa kasri. Ilikuwa nyumba ya mawe kaskazini zaidi, yenye waandishi wachache na mpishi mmoja, lakini sheria zilifanana. Nilikwenda na riwaya iliyokwama. Mhusika wangu, mkata mkonge wa Tanga, alikuwa amerudi kwa mkewe baada ya kupotea miaka mingi, amesimama mlangoni, nami sikujua akishaingia aseme nini. Nilidhani kinachonizuia ni Birmingham: zamu za ukalimani hospitalini, simu, watoto, harusi za kila Jumamosi ambazo usipokwenda unasemwa. Vyote nikaondolewa. Nikapewa meza, dirisha, kondoo wa kutazama na kikapu mlangoni. Mkata mkonge akabaki palepale aliposimama.

Ukimya kamili una ubaya wake: unakunyang'anya wa kumsingizia. Samuel Taylor Coleridge aliijua thamani ya mtu huyo. Alidai kwamba mwaka 1797, akiwa amejitenga katika nyumba ya shamba kusini-magharibi mwa Uingereza, aliamka na shairi zima kichwani, akaanza kuliandika, mara akaja mtu kutoka mji wa Porlock kwa shughuli fulani, akamshikilia zaidi ya saa nzima. Aliporudi mezani, shairi lilikuwa limeyeyuka. Kipande kilichobaki alikichapisha 1816 pamoja na malalamiko yake. Wachambuzi wengi wanashuku kwamba mtu huyo hakuwahi kuwepo. Nami nashuku. Lakini kule Uskoti nilimwonea wivu Coleridge, maana mimi hata mtu wa Porlock sikuwa naye. Nilikuwa peke yangu na uvivu wangu, au woga wangu, sijui lipi zaidi.

Waingereza wamemfanya mgeni kuwa jambo la kalenda. Jirani yangu, mama mzuri tu ambaye hunipokelea vifurushi, akitaka kuja kunywa chai ananitumia ujumbe wiki tatu kabla, na saa ya kuondoka anaitaja pamoja na saa ya kufika. Nilidhani ni tabia ya siku hizi hadi niliposoma habari ya Charles Dickens. Mwaka 1857 Hans Christian Andersen alimtembelea nyumbani kwake Gad's Hill, Kent. Walikubaliana wiki mbili. Andersen alikaa tano. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, na siku aliposoma uhakiki mbaya wa kitabu chake alijitupa kifudifudi kwenye nyasi akalia. Alipoondoka, Dickens aliweka kikaratasi kwenye kioo cha chumba kile kueleza kwamba Andersen alilala humo wiki tano ambazo familia iliziona kama karne. Urafiki wao ukaishia hapo. Sisi tungempa jembe siku ya tatu, kama methali inavyotaka, na urafiki ungepona.

Basi wenzangu wa ughaibuni wakisikia habari kama hizo husema: unaona, wenzetu wanaheshimu faragha, kwetu mwandishi ataandikia wapi na kila dakika hodi? Nimeisikia kauli hiyo sana, na nimeichoka. Inawafanya watu wa pwani na bara yetu waonekane hawajui maana ya kumwacha mtu peke yake. Wanajua sana. Nitaeleza.

Mwaka uliofuata nilikwenda Lushoto, kwenye nyumba ya kaka yangu. Kaka anaishi Muscat. Ameijenga kwa pesa za kutuma, awamu kwa awamu, na masofa ya sebuleni bado yana nailoni za dukani. Nyuma anaishi mlinzi na familia yake. Ukitoka Mombo unapanda kilomita kama 33 za kona tupu, unafika kwenye ukungu, baridi na harufu ya kuni, na hakuna anayekujua. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Magharibi moja nikasikia hodi. Alikuwa mjomba, binamu wa mama yangu, ametoka Mlalo. Alisikia kuna mpwa wake kutoka Ulaya amejificha mjini, na mpwa kujificha ni dalili ya ugonjwa au deni. Alikuwa na kikapu cha mapeasi na kuku aliyefungwa miguu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Unaumwa?"

"Siumwi, mjomba. Naandika kitabu."

"Alhamdulillahi. Na kazi yako ni nini sasa?"

Alikaa. Begi lake lilikuwa na kanzu ya Ijumaa, kwa hiyo nilijua anakaa. Usumbufu wenyewe haukuwa maneno yake; mjomba si msemaji kama Jonson. Usumbufu ulikuwa sufuria. Mgeni hali mkate wa jana. Asubuhi uji, mchana ugali na mboga, na yule kuku alikuwa ananitazama. Mgeni wa mwandishi mwanamume hupikiwa na mke. Mgeni wa mwandishi mwanamke hupikiwa na riwaya. Kila nikiketi mezani mjomba alikuja kusimama mlangoni kwa huruma, akiniona nimeinama kimya mbele ya kompyuta, akaniuliza kama nimepata habari mbaya.

Nikamwambia kwa mzaha: "Mjomba, nichukulie kama niko eda. Eda ya kitabu."

"Astaghfirullah! Mumeo yu hai, usijitabirie. Sema itikafu."

"Itikafu si msikitini?"

Akafikiri. "Basi sema uko ndani."

"Kama mwali?"

"Kwa umri huo!" Akacheka mpaka akakohoa. Lakini alikuwa ameelewa, na kilichofuata sikukitarajia. Kesho yake alfajiri alihamishia kiti chake barazani. Aliyekuja aliambiwa, kwa sauti ya mtu anayetangaza jambo rasmi, kwamba mwenye nyumba yuko ndani. Muuza maziwa alirudishwa. Wanawake wa jirani waliokuja kuniamkia waliacha salamu kwake. Fundi bomba niliyemwita mwenyewe, na niliyekuwa namsubiri kwa hamu, naye alirudishwa, tukakaa bila maji hadi jioni. Chakula alikipanga na mke wa mlinzi, akanitaka nimlipe, nikamlipa. Sahani iliachwa mezani nje ya chumba, imefunikwa kawa. Ilinichukua muda kutambua kwamba mzee wa Mlalo, ambaye hajawahi kusikia habari za kasri lolote la Uskoti, alikuwa ameliunda upya kwa kiti kimoja.

Hakulibuni, alilijua. Jamii zetu zina ustadi mkubwa wa kumtenga mtu kwa heshima. Mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, na kila mtu anajua nani aingie kwake na nani asiingie. Mzazi analindwa siku arobaini. Maharusi wana fungate, siku saba za kuletewa chakula bila kuulizwa wanafanya nini. Wanaokaa itikafu kumi la mwisho la Ramadhani hawaulizwi kwa nini hawaonekani dukani. Hata hodi ina sheria yake: mafundisho ya dini ni kubisha mara tatu, usipojibiwa uondoke, ukiambiwa rudi, urudi bila kinyongo. (Kwamba wengi wetu hodi ya tatu tunaipiga tumeshakaa kwenye sofa ni upungufu wetu, si wa sheria.) Kutengwa kote huku kuna mambo mawili: sababu inayojulikana na watu wote, na tarehe ya mwisho. Mwandishi hana hata moja. Anajifungia bila kutangaza, kwa kazi isiyoonekana, hadi siku asiyoijua, halafu anawalaumu ndugu zake kwa kubisha.

Na popote penye ukimya wa kuandikia, kuna mtu anayeubeba. Kituo cha MacDowell huko New Hampshire, Marekani, kilichoanza 1907, kina kikapu chake cha chakula mlangoni, na asili yake ni Marian MacDowell kumpelekea hivyo mumewe mtunzi wa muziki kwenye kibanda msituni. Baada ya mume kufariki mwaka uliofuata, yeye ndiye aliyezunguka kwa miaka akipiga piano na kuomba fedha ili wengine wapate vibanda. Kwetu mtu wa kubeba kazi hiyo hatujampata. Shaaban Robert aliandika akiwa karani wa serikali, kwa muda uliobaki baada ya ofisi. Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki kifungoni kati ya 1969 na 1972, kwenye karatasi za chooni. Ngũgĩ wa Thiong'o naye, mwaka 1978, aliandika riwaya akiwa katika gereza la Kamĩtĩ, kwenye karatasi za namna hiyohiyo. Ukiangalia vizuri, makazi ya waandishi ambayo serikali zetu zimeyagharimia kwa uhakika ni jela.

Tuzo tunazo: ya Safal ilianzishwa 2014, ya Mwalimu Nyerere inatolewa tangu 2023. Ni jambo jema, lakini tuzo humkuta mtu ameshamaliza.

Mkata mkonge wangu aliingia ndani mjomba akiwa barazani. Alichomwambia mkewe hakikunipendeza na nimeshakifuta, lakini angalau kilikuwepo cha kufuta. Sidai Lushoto ilifaulu pale Uskoti iliposhindwa. Huenda riwaya ilikuwa imeiva tu. Ninachodai ni kwamba gharama ya ulinzi wa mjomba ilikuwa ndogo mno, na nyumba ilikuwepo tayari, imefungwa, inaota kuvu.

Kwa hiyo nasema na nyinyi mlioko Muscat, Leicester, Minneapolis na kwingineko. Mnazo nyumba Lushoto, Bagamoyo, Malindi, Bukoba, zinazolindwa mwaka mzima ili mlale humo wiki mbili za Desemba. Mtoleeni mwandishi mmoja chumba kwa mwezi mmoja. Kinachohitajika ni meza, chandarua, mpishi anayelipwa, na mzee mmoja wa kukaa barazani aliyeambiwa tarehe ya mwisho. Umeme wa LUKU mwandishi atajinunulia.