Bonde la Msimbazi: Urithi Tunaoupita Kila Siku

Kila asubuhi maelfu ya wafanyakazi wa Dar es Salaam huvuka bonde la Msimbazi bila kulitazama. Basi huteremka kutoka Magomeni Mapipa, likapita juu ya maji meusi, kisha likapanda kuelekea Fire na katikati ya mji. Wengi wetu hulikumbuka bonde hilo siku ya mvua kubwa tu, barabara ya Morogoro inapofungwa pale Jangwani, na watu wakasimama pande zote mbili wakitazamana kama abiria waliokosa pantoni.

Mwandishi wa makala haya, ambaye naye amesimama hivyo mara nyingi, aliona vema safari hii asivuke mto, bali aufuate tangu unakotoka hadi unakoishia.

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Huko maji yake bado ni mto. Yanachuruzika chini ya miti ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, na ndani yake anaishi bado sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, ambaye watoto wengi wa mjini hawajapata kumsikia hata kwa jina. Msitu wa Pugu ni hifadhi tangu mwaka 1954. Hata hivyo, wakata kuni na wachoma mkaa wameutafuna kwa miaka mingi, kwa sababu mji ulio chini yake haujaacha kupika.

Pugu hapo hapo ipo shule ambako Mwalimu Julius Nyerere alifundisha baada ya kurejea kutoka Edinburgh, mpaka alipoacha kazi hiyo mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Husimuliwa kwamba mara nyingine alikuja mjini kwa miguu. Baadaye alijenga nyumba Magomeni, ambayo leo ni makumbusho. Msomaji akichukua ramani ya mji ataona jambo ambalo mimi sikuwahi kulitia maanani: kati ya nyumba ile ya Magomeni na ofisi ya TANU ya New Street, ambayo sasa ni mtaa wa Lumumba, limelala bonde la Msimbazi. Mtu aliyekwenda na kurudi baina ya mahali hapo pawili hakuwa na budi kulivuka. Njia ya uhuru wetu, kwa maneno mengine, ilipita hapa kwenye tope.

Kutoka Pugu mto huingia mjini, na huko Vingunguti na Tabata hali yake hubadilika. Sitakawia sana hapo, kwani harufu yenyewe haimruhusu mtu kukawia. Maji machafu ya machinjio, ya viwanda na ya vyoo vya nyumba zetu yamemiminwa humo kwa miaka na miaka. Wataalamu waliopima mboga zinazolimwa bondeni wamekuta ndani yake madini mazito, risasi ikiwa mojawapo. Na mboga hizo ndizo zinazofika sokoni na mezani kwetu.

Chini kidogo ya Kigogo nilimkuta mzee mmoja akimwagilia matuta ya mchicha kwa ndoo mbili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuzitua. Alinieleza kwamba tuta hilo limesomesha watoto wanne. Anajua yasemwayo kuhusu maji. Lakini, alisema, mtu anayemkataza kulima hapa hajamwonyesha bado mahali pengine penye maji na karibu na soko.

Kisha nikafika Jangwani. Mahali hapa si uwanja mtupu, ingawa jina lake ladhania hivyo. Katika miaka ya 1950 TANU ilifanya mikutano yake hapa na Mnazi Mmoja, na hata baada ya vyama vingi kurudi, Jangwani ilibaki kuwa kipimo cha chama kinachotaka kuonyesha umati wake. Mwaka 2015 pande zote mbili kubwa za uchaguzi zilizindulia kampeni zao hapa, kila upande kwa wiki yake. Na michezo je? Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, huitwa Wanajangwani, na uwanja wake wa Kaunda ulijengwa hapa hapa, mpaka maji yakaushinda. Watani wao Simba huitwa Wekundu wa Msimbazi kwa ajili ya mtaa wa Kariakoo wenye jina moja na mto huu. Watu wanaogombana nyumbani kila Jumapili kwa ajili ya timu hizo mbili, wote wanagombania bonde moja.

Tatizo ni kwamba bonde lina kumbukumbu yake pia. Mpango Mkuu wa mji wa mwaka 1979 ulilihesabu kuwa eneo la hatari lisilofaa kwa makazi, lakini mji ulikua, kodi za nyumba zikapanda, na watu wa kipato kidogo wakajenga palipokuwa wazi. Desemba 2011 mvua ilinyesha kwa siku kadhaa, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha mjini, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi na shule zao. Baadhi zilirudi. Mwishoni mwa 2015 nyumba zilibomolewa. Hata karakana ya mabasi yaendayo haraka, iliyojengwa Jangwani kwa fedha nyingi, haikusalimika na mafuriko. Ikawa haikosi kutajwa kila msimu wa masika.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde. Mto uchimbwe, daraja la Jangwani liinuliwe, karakana ihamishwe, na ardhi itakayobaki iwe bustani kubwa ya umma. Fidia zimelipwa, ingawa wapo waliolalamika kuwa hazitoshi, na nyumba nyingi zimeondoka. Pale zilipokuwa nilikanyaga vigae vya sakafu ya sebule ya mtu, vya rangi ya buluu, vimebaki peke yake juu ya mchanga.

Nakubali kabisa kwamba watu wasilale tena mahali ambapo mto unaweza kuwafuata kitandani. Lakini bustani ikishapandwa nyasi, nani ataingia? Ikizungushiwa ua na kutozwa kiingilio, kijana wa Mchikichini aliyezoea kucheza mpira hapa bure atatazama kupitia nondo. Naona wapangaji waache uwanja wa mpira ulio wazi, wamtafutie mkulima wa mchicha maji safi na mahali pa kulima, na waandike juu ya jiwe au kibao majina ya vitongoji vilivyokuwapo. Mji unaoweka kumbukumbu za magavana hauwezi kushindwa kuweka ya wapangaji wa chumba kimoja.

Nilimalizia safari Salenda, ambapo mto unaingia baharini chini ya daraja lililopewa jina la Selander, mkuu wa kazi za ujenzi wa serikali ya kikoloni. Maji yalikuwa yamekupwa. Mikoko ilisimama na mizizi yake nje, na juu ya kila mzizi ilining'inia mifuko, matambara, kandambili. Mvulana mmoja alikuwa akizichagua kandambili zile, akitafuta mbili zinazofanana. Alikuwa ameshapata za kushoto tatu.