Kunoa

Waandishi wetu wa habari za michezo wana kitenzi ninachokipenda: kunoa. Husema kocha fulani anainoa timu fulani, kana kwamba timu ni panga na yeye ameshika tupa. Kwa miaka mingi nilikisoma kitenzi hicho bila kukipima. Msimu wa 2023/2024 ndio ulionifundisha uzito wake.

Sisi wa Mzumbe tunatazamana na Uluguru, na Mtibwa Sugar wako mbali kidogo, Turiani, chini ya milima ya Nguru. Hata hivyo sote tu wa Wilaya ya Mvomero, na timu hiyo ya wakata miwa ni yetu. Ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na tena 2000, jambo ambalo timu chache za nje ya Dar es Salaam zimelimudu. Msimu ninaousema ulianza vibaya chini ya Habib Kondo. Ligi ikiwa imekwishashika kasi, akaitwa Zuberi Katwila, aliyewahi kuichezea timu hiyo na kuifundisha. Alikuwa kocha mpya asiye mgeni.

Mwaka huo huo nami nilikabidhiwa darasa la mtu mwingine. Mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha nne alihama mwezi Agosti, na mtihani wa taifa ulikuwa Novemba. Niliingia na ari kubwa. Nilinoa ushairi, nikanoa ufahamu, nikanoa insha. Siku moja binti mmoja aliinua mkono akauliza vina ni nini. Darasa zima lilinyamaza, na katika ukimya ule nikatambua kuwa si yeye peke yake asiyejua. Nilikuwa nanoa panga ambalo bado halijafuliwa.

Matokeo yalipotoka, waliofaulu walikuwa wachache kuliko nilivyoahidi. Mzazi mmoja aliniambia kwa upole, "Mwalimu, tulikutegemea." Sikuwa na jibu. Kumtaja aliyenitangulia kungekuwa kumsema mtu asiyekuwapo.

Ndiyo maana nilisikiliza ligi kwa sikio jingine. Mei 2024, katika uwanja wa Manungu, Yanga waliifunga Mtibwa 3-1 wakathibitisha ubingwa wao wa 30. Yanga nao walikuwa na kocha mpya, Muajentina Miguel Gamondi. Lakini yeye aliwapokea kabla ya msimu kuanza, wakiwa mabingwa waliotoka kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Muda mfupi baadaye Mtibwa wakashuka daraja. Vijiweni watu walibishana juu ya makocha hao wawili kana kwamba walipewa chuma cha aina moja.

Wachezaji wetu wana neno jingine. Mbele ya kamera huwasikii sana wakisema kocha, husema mwalimu. "Tunafuata maelekezo ya mwalimu." Nadhani wao wako karibu zaidi na ukweli. Mwenye tupa anaweza kumaliza kazi yake asubuhi moja. Mwalimu anahitaji misimu, na mara nyingi mavuno yake huvunwa na mwingine.

Mtibwa walirejea Ligi Kuu mwaka 2025, baada ya kutwaa ubingwa wa Championship wakiwa na Awadh Juma. Mkulima wa miwa hashangazwi na habari hiyo. Muwa ukikatwa vizuri, shina lililobaki ardhini huchipua tena, wala halihitaji kupandwa upya.

Binti yule aliyeuliza habari za vina alirudia mtihani. Mwaka jana alinitumia shairi la beti tatu. Mizani ilipwaya katika mshororo mmoja. Vina vyote vilikuwa mahali pake.